Mtoto wa Upande Gani? Maisha ya Eglantyne Jebb na Fundisho la Kuchanga



Jumapili moja tulitangaza mchango kwa ajili ya watoto wa Katanika. Baada ya ibada mzee mmoja alitungoja mlangoni. Alitusalimu kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, kisha akauliza jambo moja tu: hao watoto ni wa upande gani?

Kila mtu wa Tanganyika analijua swali hilo. Vita kati ya Watwa na Waluba vilipowaka tena mwaka 2016 na 2017, vijiji vingi viliungua na maelfu ya familia wakakimbilia Kalemie. Wengi walifikia Katanika, nje kidogo ya mji, wakajenga vibanda vya majani na kuvifunika kwa bashi. Mzee wetu naye alipoteza nyumba yake kwa moto. Kwa hiyo hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu mwenye kidonda. Sisi tulimjibu kwa kuzungukazunguka, tukasema kamati itaangalia, majina yataandikwa. Tulirudi nyumbani na aibu, kwa sababu tulijua kwamba swali lake tumelikwepa.

Tangu siku ile tumekuwa tukifikiri juu ya mwanamke mmoja wa Uingereza aliyekufa zamani, ambaye aliulizwa swali hilohilo na nchi nzima. Jina lake ni Eglantyne Jebb. Shirika aliloanzisha, Save the Children, wengi wetu tumeliona jina lake kwenye magari na mabango huku mashariki. Lakini wachache wanajua kwamba lilizaliwa katika mchango uliochukiwa, na kwamba mwanzilishi wake alifikishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya karatasi yenye picha ya mtoto. Makanisa yetu yanatafuta njia za kuchanga fedha bila kungoja wafadhili wa mbali, kwa hiyo maisha yake yana la kutufundisha.

Eglantyne alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 huko Ellesmere, katika eneo la Shropshire. Wazazi wake walikuwa na mashamba na nyumba kubwa. Mama yake hakuridhika kukaa tu katika raha hiyo: alianzisha chama cha kuwafundisha watu wa vijijini kazi za mikono ili wapate ujuzi na kipato. Basi binti alikua akiona kwamba kumsaidia maskini ni kazi inayohitaji akili na mpango, wala haitoshi kutupa sarafu ukapita.

Mwaka 1895 aliingia Chuo cha Lady Margaret Hall huko Oxford, akasoma historia. Wakati ule wanawake waliosoma chuo kikuu walikuwa wachache. Baadaye alikwenda kufundisha katika shule ya msingi ya watoto wa kawaida mjini Marlborough. Kazi ile ilimshinda. Afya yake ilikuwa dhaifu, na kelele za darasa zilimchosha. Hakuwa mtu wa kubembeleza watoto, hakuolewa, wala hakuzaa. Tunalitaja hili kwa sababu watu hudhani kwamba huruma ni hisia tamu ambayo wengine wamezaliwa nayo na wengine hawana. Huyu aliyeokoa watoto wengi hakuwa na hisia hiyo kwa wingi. Alikuwa na jambo lililo gumu zaidi, yaani uamuzi.

Alihamia Cambridge, akajiunga na chama kilichoshughulikia misaada kwa maskini. Huko alifanya kazi ya kuchunguza: nani ni maskini, anaishi wapi, kwa nini kazi haipatikani, misaada inakwenda wapi. Mwaka 1906 alitoa kitabu juu ya hali ya jamii ya Cambridge. Tangu hapo aliamini kwamba sadaka bila hesabu inaweza kumdhuru yule yule inayetaka kumsaidia.

Mwaka 1913 jambo lilitokea lililogeuza maisha yake. Dada yake mdogo, Dorothy, alikuwa tayari ameolewa na Charles Roden Buxton, mwanasiasa aliyeshughulika na watu wa Balkan. Vita vilikuwa vimepita kule, na Eglantyne alitumwa Makedonia kupeleka msaada kwa waliofukuzwa makwao. Aliona mambo ambayo sisi wa Kalemie hatuhitaji kuelezwa: familia bila paa, watoto wenye homa, watu waliouawa kwa sababu ya kabila na dini yao. Wengi wa wale aliowahudumia walikuwa Waislamu. Waliowatesa walijiita Wakristo. Aliporudi Uingereza alizunguka akiwaomba watu fedha, na akaona jinsi mioyo inavyofunguka kwa shida ikiwa mwenye njaa si wa kwetu.

Msomaji wa Biblia anaposikia neno Makedonia hukumbuka mambo mengine. Katika 2 Wakorintho 8 na 9, mtume Paulo anawasifu Wakristo wa Makedonia kwa sababu walichanga wakiwa maskini sana. Na walimchangia nani? Watakatifu wa Yerusalemu, Wayahudi, watu wa kabila lingine waliokuwa mbali nao. Mchango mkubwa kabisa wa Agano Jipya ulivuka mpaka wa kabila. Tumesoma sura hizo mara nyingi tunapohubiri juu ya fungu la kumi na ujenzi wa kanisa, na mara nyingi jambo hilo tumelipita.

Vita Kuu ya kwanza ilianza mwaka 1914. Magazeti ya Uingereza yaliandika ubaya wa adui peke yake. Dorothy alipata ruhusa ya kuagiza magazeti kutoka nchi za adui, akatafsiri habari zake na kuzichapisha, ili Waingereza wajue kwamba ng'ambo ya pili pia kuna akina mama wanaolia. Eglantyne alijiunga na kazi ya kutafsiri. Walijua habari ambazo majirani wao hawakutaka kujua.

Novemba 1918 bunduki zilinyamaza, lakini njaa haikunyamaza. Uingereza na washirika wake waliendelea kufunga njia za baharini ili Ujerumani na Austria zilazimike kukubali masharti ya amani. Chakula hakikuingia. Mjini Vienna watoto walikuwa na mifupa laini iliyopinda, hawawezi kusimama. Kifua kikuu kilienea. Mwanzoni mwa 1919 kina dada hawa wawili na wenzao waliunda baraza la kuidai serikali ifungue njia ya chakula. Serikali haikuharakisha.

Ndipo Eglantyne alipofanya jambo la kwanza la ajabu. Aprili 1919 alisimama Trafalgar Square, katikati ya London, akagawa karatasi. Juu yake kulikuwa na picha ya mtoto wa Austria aliyedhoofika kwa njaa, kichwa kikubwa, miguu kama vijiti. Karatasi haikupitishwa na wakaguzi wa serikali kama sheria ya vita ilivyoagiza, naye akashtakiwa. Mahakamani alijitetea mwenyewe. Alijua kwamba kwa upande wa sheria hana la kusema, basi akasema juu ya wajibu wa moyo, huku waandishi wa magazeti wakiandika. Hakimu alimtoza faini ya pauni 5. Ilikuwa ndogo kuliko ilivyoweza kuwa. Baada ya kesi, Archibald Bodkin, mwanasheria wa serikali aliyekuwa amemshtaki, alimwendea na kumpa pauni 5 kutoka mfukoni mwake. Eglantyne hakuzitumia kulipa faini. Aliziweka ziwe sadaka ya kwanza ya mfuko mpya wa kuwaokoa watoto.

Hebu tukae hapo kidogo. Mtu wa kwanza kuchangia alikuwa ni yule aliyesimama kumpinga. Sisi tunapopanga mchango huanza na marafiki: kwaya, mama wa kanisa, mashemasi, ndugu walioajiriwa. Ni vema. Lakini pengine yule anayetupinga mlangoni yuko karibu na kutoa kuliko yule anayeitikia Amina na kwenda zake.

Tarehe 19 Mei 1919 mfuko ulizinduliwa katika jumba kubwa la Royal Albert Hall. Lilijaa. Si wote waliokuja kwa wema: wengine walibeba matunda na mboga zilizooza ili wawatupie wasaliti hawa wanaotaka kulisha watoto wa adui. Eglantyne alianza kwa sauti ya chini, akiogopa. Kadiri alivyoendelea sauti ilipata nguvu, na mikono iliyoshika matunda ikalegea. Dorothy alishika kopo la maziwa akaliinua watu walione. Hakuleta hoja ndefu za siasa. Kopo lilionyesha kwamba kitu kinachohitajika ni kidogo, kinajulikana, kina bei, na kila aliyekuwa ndani anaweza kukinunua. Watu walianza kutoa.

Hapa ndipo tunapoona ujuzi wake wa kuchanga. Kila njia aliyoitumia ilikuwa na shabaha moja: kumleta mtoto mbele ya macho ya mtoaji.

Alikwenda kwa makanisa. Kiongozi wa kanisa lake mwenyewe, Askofu Mkuu wa Canterbury, alisitasita. Eglantyne, Mwanglikana, akaandika barua Roma. Papa Benedikto wa 15 alikubali, akaagiza makanisa ya Katoliki yachange tarehe 28 Desemba 1919, siku wanayokumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Baadaye alimpokea Eglantyne na kuzungumza naye kwa muda mrefu. Waprotestanti nao wakaungana katika siku hiyo. Tuone hekima iliyomo. Hakuomba tu fedha; aliomba siku, na aliichagua siku ambayo habari yake ilikuwa tayari ndani ya Maandiko. Mwamini aliyesikia juu ya Herode asubuhi ile hakuhitaji kuelezwa sana kwa nini kapu linapita.

Alikwenda kwa wafanyakazi. Chama cha wachimba makaa ya mawe, watu wa mshahara mdogo, kilichanga. Maskini waliokuwa wamepoteza wana wao vitani walitoa kwa ajili ya watoto wa nchi iliyowaua wana wao.

Alinunua kurasa nzima za magazeti, akaweka picha na maneno machache, kama wafanyabiashara wanavyotangaza sabuni. Wakati ule jambo hilo lilionekana aibu kwa kazi ya huruma, na wengine walilalamika kwamba fedha za watoto zinaliwa na matangazo. Jibu lake lilikuwa katika hesabu: kilichoingia kilizidi mbali kilichotoka, na hesabu ziliwekwa wazi.

Aliwapa watoaji mtoto mmoja. Mtu, darasa la shule au familia waliweza kumchukua mtoto fulani na kumtumia kiasi kidogo kila wiki. Njia hii mashirika mengi yanaitumia hadi leo, na watoto wengi wa Kongo wamesoma kwa njia hiyo.

Mwaka 1921 ukame na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilileta njaa kubwa Urusi. Adui mpya alikuwa amepatikana: serikali ya Wabolsheviki. Gazeti moja kubwa lilimshambulia Eglantyne kwamba anawalisha wakomunisti na kuwasahau watoto wa Waingereza. Yeye alituma mpiga picha za sinema katika sehemu za njaa, filamu ikaonyeshwa mahali pengi, watu wakaona kwa macho yao kile ambacho gazeti lilikuwa linakibishia. Meli iitwayo Torcello ilipakiwa tani 600 za chakula na vifaa, ikaondoka London Septemba 1921. Katika jimbo la Saratov majiko ya mfuko huo yalilisha watoto mamia ya maelfu.

Hata hivyo Eglantyne hakupenda majiko yabaki milele. Alitaka kila msaada uwasimamishe watu kwa miguu yao. Nchini Bulgaria, fedha za mfuko zilisaidia kujenga kijiji cha Atolovo kwa ajili ya familia za wakimbizi, ili walime na kuishi kwao badala ya kungoja mgao. Waliokaa Katanika chini ya bashi kwa miaka wanaelewa tofauti hiyo bila kufundishwa.

Tena aliona kwamba fedha peke yake haitoshi. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji, na moyo huchoka. Mtoto anahitaji kitu kisichochoka. Ndiyo sababu mwaka 1923, akiwa Geneva, aliandika tamko fupi la mambo matano juu ya yale ambayo wanadamu wanawiwa na mtoto, bila kujali taifa, rangi wala imani. Shirikisho la Mataifa lililipokea mwaka 1924. Kutoka mbegu ile yalitoka tamko la Umoja wa Mataifa la 1959, kisha mkataba wa haki za mtoto wa 1989, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya Januari 2009, ni mjukuu wa karatasi ile ya Geneva. Kwa hiyo mtoto wa Katanika anaponyimwa shule au kutiwa bunduki mkononi, haki yake inavunjwa. Kumtetea hakutegemei kama tunajisikia kuhurumia siku hiyo.

Miaka yote hiyo mwili wake ulikuwa unamlemea. Aliugua tezi ya shingo, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa. Nywele zilimgeuka nyeupe mapema. Aliishi kwa urahisi, akavaa nguo za kawaida, akasafiri na kuandika barua mpaka nguvu zikamwishia. Alikufa Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na miaka 52, akazikwa huko huko, mbali na mashamba ya baba yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1931, muungano wa kimataifa aliouanzisha uliitisha Geneva mkutano juu ya hali ya watoto wa Afrika.

Sasa turudi kwetu.

Wengine watasema: yule alikuwa Mwingereza, binti wa watu wenye mali, alikuwa na magazeti na majumba makubwa. Sisi tuna nini? Mshahara wa mwalimu hauonekani, samaki wamepungua, mfuko wa unga unapanda bei. Ni kweli. Lakini tuangalie vitu alivyotumia: picha moja, kopo moja, siku moja katika kalenda, mtoto mmoja kwa kila familia. Ni kitu gani hapo kisichopatikana Kalemie?

Wamama wetu wanajua likelemba kuliko benki yoyote. Kikundi cha watu kumi kinaweza kuacha zamu moja kwa mwaka iwe ya mtoto wa Katanika. Wavuvi wanaweza kutenga kikombe cha ndagala katika kila mtego mzuri, na kikombe hicho kikauzwa kwenye mnada wa kanisa. Shule ya Jumapili inaweza kuleta kopo moja tupu mbele ya madhabahu na kulijaza kwa mwezi, watoto wakijua ni sabuni au daftari gani zitanunuliwa. Makanisa yetu ya komunote mbalimbali, na ndugu Wakatoliki kama watakubali, yanaweza kuchagua tarehe 28 Desemba, kwa sababu wote tunaisoma habari ile ile ya Bethlehemu. Na mwisho wa kila mchango karatasi ibandikwe mlangoni: kimeingia kiasi gani, kimenunuliwa nini, kimebaki nini. Kanisa lisilobandika hesabu lisishangae kapu likirudi jepesi.

Bado kuna swali la mzee. Watoto wa upande gani?

Tukitoa kwa watoto wa upande mmoja tu, hata tukikusanya fedha nyingi, tutakuwa tumechangia vita. Mtoto aliyeachwa leo atakumbuka nani alipewa. Eglantyne alilielewa hilo: alianza na watoto wa adui makusudi, kwa sababu pale ndipo upendo unapopimwa. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria, mtu wa upande ule mwingine. Na Paulo katika Warumi 12, akiandika juu ya adui mwenye njaa, hakutuachia nafasi ya kuuliza kwanza kabila lake.

Tulirudi kwa yule mzee. Tulikwenda nyumbani kwake, tukakaa, tukamwambia wazi kile tulichopaswa kusema mlangoni: kwamba mchango ni wa watoto wa pande zote mbili, Watwa na Waluba, na kwamba hatutaandika kabila kwenye orodha. Alinyamaza muda mrefu. Akatusimulia tena habari ya nyumba yake, nasi tukamsikiliza mpaka mwisho. Kisha tukaomba pamoja. Siku ile hakutoa kitu, na mpaka tunapoandika haya bado hajatoa. Hatumhesabii hilo kuwa dhambi. Jumapili hii amekuja ibadani, akasimama mbele ya karatasi ya hesabu mlangoni, akaisoma mstari kwa mstari.

Tunaomba makanisa ya mtandao wetu, kutoka Kalemie hadi Uvira, Bukavu na Goma, yalizungumze jambo hili katika vikao vya mashemasi na vikundi vya wamama kabla ya Desemba. Msianze na kiasi cha fedha. Anzeni na swali la mzee, mlijibu pamoja mbele za Mungu, ndipo mpitishe kapu.

Bwana awabariki.